Mkono Kulia, Ncha Kushoto

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia kuhusu mama yake. Mama ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, na hospitali imemwambia mfuko huo utatolewa kupitia matundu manne madogo, bila kulipasua tumbo kwa mkato mrefu. Dada huyu hakuuliza habari za mawe wala za dawa ya usingizi. Ameuliza hivi: daktari anayefanya kazi kwa vijiti virefu huku akitazama skrini, anajuaje mkono wake uko wapi? Na ujuzi huo aliupata wapi, isije ikawa anajifunzia kwa mama?

Ni maswali mawili yenye jibu moja. Ukielewa ugumu wa kushika vile vijiti, utaelewa kwa nini mafunzo ya wapasuaji yamebadilika sana katika miongo mitatu iliyopita.

Historia niipitie mbiombio. Mjerumani Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hii mjini Böblingen tarehe 12 Septemba 1985, na wenzake wakambeza. Mwaka 1987 Philippe Mouret akafanya vivyo hivyo Lyon, Ufaransa, na baada ya miaka michache njia hiyo ikaenea duniani. Tumbo hujazwa hewa ukaa ili kupata nafasi ya kufanyia kazi. Huchaguliwa hewa hiyo kwa sababu haishiki moto pale daktari anapozuia damu kwa umeme, na kiasi kinachoingia kwenye damu hutolewa kwa pumzi. Penye matundu hupachikwa mirija iitwayo trokari, yenye upana wa milimita 5 hadi 12. Mmoja hupitisha kamera, mingine hupitisha koleo, mkasi na sindano. Mgonjwa hupata kovu dogo, maumivu machache, na hurudi nyumbani mapema.

Ugumu wenyewe uko kwenye ngozi, pale kijiti kinapopenya.

Ukuta wa tumbo unakishika kijiti mahali pamoja. Daktari hawezi kukihamisha chote kwenda kulia au kushoto; anaweza tu kukiinamisha juu ya tundu lile. Kwa hiyo mkono wake ukienda kulia, ncha iliyo ndani inakwenda kushoto. Akiinua mkono, ncha inashuka. Vitabu vya sayansi vya shule ya msingi vina jina la mahali kama hapo: egemeo, sehemu ambayo wenzo unazungukia. Tabia hii ya kugeuza mwendo nitaiita mpinduko wa egemeo. Niliwaza kuiita "ukinyume", lakini si kila kitu hapa kinakwenda kinyume, kama tutakavyoona.

Watu wa pwani wanaijua tabia hii tangu zamani, kwa kuwa wanavuta makasia. Sisemi kafi, linaloshikwa mikononi bila kuegemezwa popote. Nasema kasia, lile lililoshikizwa kwa kishwara, kitanzi cha kamba, ubavuni mwa mashua. Mvutaji akisukuma mpini kuelekea tezi, yaani nyuma, bapa lililo majini linakwenda omo, yaani mbele. Akitaka bapa liingie majini, anainua mpini. Akitaka litoke, anaushusha. Kishwara ndicho egemeo, na ngozi ya tumbo ni kishwara cha daktari.

Tuendelee na kasia hilo hilo, maana lina mengi. Mvutaji akilisukuma kasia kwa urefu wake ili litokeze zaidi nje ya mashua, linatokeza kweli. Hapo hakuna kugeuka. Akilizungusha mkononi ili bapa lilale, linazunguka upande ule ule wa mkono. Kijiti cha daktari nacho kiko hivyo: kusogea pembeni na kupanda au kushuka hupinduka, lakini kuingia na kutoka hakupinduki, wala kujizungusha. Ubongo hauwezi kujiwekea sheria moja ya "fanya kinyume". Unatakiwa upindue miendo miwili na kuiacha mingine miwili ilivyo, yote kwa wakati mmoja, kwa mikono miwili.

Tazama tena sehemu ya kasia iliyo nje ya kishwara. Likiwa limetokezwa nusu kwa nusu, bapa husafiri sawa na mkono. Likitokezwa theluthi mbili, mkono ukisogea sentimita 1 bapa husogea sentimita 2. Daktari akizamisha koleo ndani zaidi kulifuata ini, mkono ule ule uliokuwa mtulivu sasa unazaa mwendo mkubwa zaidi kwenye ncha, na hata mtetemo mdogo wa vidole unakuzwa. Akilirudisha nyuma, kipimo kinabadilika tena. Kwa hiyo kanuni aliyoishika dakika iliyopita inabidi irekebishwe kila kijiti kinapoingia au kutoka.

Tena mvutaji kasia hupata habari mbili mkononi: uzito wa maji, na msuguano wa kamba ya kishwara. Ili ajue maji yanasemaje, lazima aweze kuitenga kamba. Trokari ina vali za mpira zinazozuia hewa isitoroke, nazo hukisugua kijiti vivyo hivyo, hadi ulaini wa ini na ukakamavu wa mshipa hufika kidoleni vikiwa vimefifia. Mpasuaji mzoefu hujifunza kuona nguvu badala ya kuigusa: utando ukianza kuwa mweupe, anajua ameuvuta mno.

Sasa nifike kwenye jaribio ninalolipenda kuliko yote katika fani hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanasaikolojia Anthony Gallagher na wenzake wa Belfast waliwapa watu kazi ndogo ya kukata karatasi kwa vyombo vya upasuaji huo. Kisha wakaigeuza picha ya skrini, kulia ikawa kushoto, ili mkono ukienda kulia ncha nayo ionekane inakwenda kulia. Wasiojua kitu wakafanya vizuri zaidi kwa picha iliyogeuzwa, jambo la kutarajiwa. Walipoletwa wapasuaji wazoefu, matokeo yakawa ya upande wa pili: picha iliyogeuzwa iliwaharibia kazi. Kwao mpinduko ndio ulikuwa umekuwa hali ya kawaida. Hawakuwa tena wakifikiri "kulia maana yake kushoto". Walitaka ncha ifike mahali, na mkono ukajua wenyewe. Ubongo wa mtu mzima, aliyetumia mikono yake kwa njia moja maisha yake yote, ulikuwa umejiandikia ramani ya pili.

Ramani hiyo haipatikani kwa kusoma kitabu wala kwa kusimama nyuma ya bingwa na kutazama. Hupatikana kwa kurudia. Na kwa kuwa inahusu mkono, jicho na egemeo, hakuna haja yoyote ya kurudia juu ya mgonjwa. Egemeo halijui kama chini yake kuna ini au kuna boksi.

Ndiyo maana boksi limekuwa chombo cha kufundishia. Juu lina matundu ya trokari, ndani lina kamera. Zoezi la kwanza katika FLS, programu ya Marekani ya misingi ya upasuaji huu, lina vipande 6 vya mpira na vigingi 12. Mwanafunzi anainua kipande kwa koleo la kushoto, anakipokeza la kulia hewani bila kukiangusha, anakiweka kwenye kigingi, kisha anavirudisha vyote. Baadaye anakata duara kwenye shashi, anafunga kitanzi, anashona na kupiga fundo ndani ya boksi. Katika mafunzo yanayopima kwa kiwango, zoezi la vigingi huhesabiwa limeiva likimalizika kwa sekunde 48, tena si mara moja kwa bahati.

Je, ustadi wa nje ya chumba cha upasuaji huingia ndani? Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwagawa madaktari 16 waliokuwa mafunzoni. Nusu walifanya mazoezi ya uhalisia pepe kwenye kompyuta mpaka wakafikia kiwango cha wazoefu, nusu walifuata mafunzo ya kawaida. Walipopewa kazi ya kuutenganisha mfuko wa nyongo na ini, waliofanya mazoezi walimaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 29. Wasiofanya walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuujeruhi mfuko huo au kuunguza nyama isiyohusika.

Wengine watasema roboti imemaliza habari hii. Mashine ya da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, huupindua mpinduko kwa kompyuta, mkono ukienda kulia ncha ikaenda kulia, na huchuja mtetemo. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini bei yake ni kubwa mno kwa hospitali nyingi za kwetu, na mgonjwa wa nyongo atakayelazwa wiki hii anahitaji daktari mwenye ramani ile kichwani.

Kwetu kazi imeanza. Hospitali ya KCMC, Moshi, imejenga upasuaji huu kwa kushirikiana kwa miaka mingi na wapasuaji wa Northumbria, Uingereza. Oktoba 2023 kituo cha IRCAD Africa kilizinduliwa Kigali, tawi la taasisi iliyoanzishwa Strasbourg mwaka 1994 na Jacques Marescaux.

Ni kweli kwamba majeraha ya mrija wa nyongo yaliongezeka njia hii ilipoanza kuenea, na kwamba daktari anayeamua katikati ya kazi kulifungua tumbo huwa ametumia busara. Hayo hayapunguzi hoja ya mafunzo, bali yanaipa uzito.

Kwa hiyo, dada yangu, una haki ya kumuuliza daktari wa mama amefanya upasuaji huu mara ngapi, na nani atasimama naye. Sisi wengine tuziulize hospitali zinazofundisha. Boksi la mazoezi linaweza kutengenezwa kwa ndoo ya plastiki na kamera ya simu; gharama si kisingizio. Kinachokosekana ni saa za mazoezi zilizoandikwa kwenye ratiba, mwalimu wa kusahihisha, na sharti lisilolegezwa: asiyefikia kiwango kwenye boksi asishike kijiti juu ya mgonjwa, hata kama amemaliza mwaka wake wa mafunzo. Miaka hupita yenyewe, kiwango hupimwa.