Ofisi Kubwa Isiyo na Mashine ya Kupoza Hewa

Ndugu askari na polisi mlioko Manibe, katika ofisi kubwa za nchi za joto mashine ya kupoza hewa ni miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme. Jengo la Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Nairobi, lililofunguliwa mwaka 2011 kwa wafanyakazi 1,200, halina mashine hizo. Hewa huingia madirishani. Ikishapata joto hupanda katika ua wa ndani na kutokea juu, ikivuta nyingine nyuma yake. Paa limejaa vioo vya umeme wa jua.

Arua kuna joto kuliko Nairobi, hivyo si kila kitu cha kuiga. Lakini ofisi itakayojengwa madirisha yakitazama jua la magharibi, bila kivuli, itadai jenereta, na dizeli ile ile inayongojwa na gari la doria.