Nani Kasema Hakuna Utafiti?

Kuna sentensi inayojirudia katika tasnifu za elimu za vyuo vyetu: "Hakuna utafiti uliofanyika nchini kuhusu suala hili." Nimeikuta hata kwenye mada ambazo walimu wamezibishania tangu enzi za wazazi wetu. Ilinikera, ikanipeleka kwa mkutubi mmoja wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam, mama ambaye kazi yake ni kuwaonyesha wanafunzi wa uzamili namna ya kutafuta makala za kitaaluma.

Nilimkuta na mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi chuoni kusoma. Mada yake ilihusu watoto wanaomaliza Darasa la Saba wakifundishwa kwa Kiswahili, kisha wanaingia Kidato cha Kwanza na kukutana na Kiingereza karibu kila somo.

"Madam, nimetafuta hadi macho yanauma. Hakuna kitu."

Alikuwa ndani ya ERIC, kanzidata ya elimu iliyoanzishwa na serikali ya Marekani miaka ya 1960. Ina rekodi zaidi ya milioni moja, na mwenye intaneti yeyote anaitumia bure. Mwalimu alikuwa ameandika kichwa kizima cha tasnifu yake kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha kwenye orodha ya ngazi za elimu pembeni akachagua "Primary Education". Nani asingechagua hivyo? Darasa la Saba si shule ya msingi?

Mama akavuta kiti. Akafungua orodha ya istilahi za ERIC yenyewe, akaweka kidole kwenye skrini. Katika mpangilio ule, lebo hiyo inaanzia chekechea na kuishia darasa la tatu. Madarasa yanayofuata, hadi mwisho wa shule ya msingi, yako chini ya "Elementary Education". Kwa kubofya mara moja, mwalimu alikuwa ameyaondoa kwenye msako madarasa yale yale anayoyatafiti, na kompyuta haikumwambia neno.

Niliitazama ile skrini kwa muda. Mtu amefundisha miaka na miaka, anajua shule ya msingi inaanzia wapi na kuishia wapi, lakini ili aisome lazima kwanza aipange kwa ngazi za shule za Marekani.

"Nawaambia kila siku, mwanangu, fungua kwanza orodha yao ya istilahi," mama alisema. "Hawa wameyapanga mambo kwa lugha yao. Sisi huku tumezoea kuandika medium of instruction. Wao lebo yao ni Language of Instruction. Chukua hiyo, weka AND, weka Tanzania. Acha kuandika sentensi nzima, mashine haikuelewi kama msimamizi wako."

Mwalimu akafanya hivyo, na majina ya makala yakaanza kushuka. Mama akaweka alama ya kubakiza zile tu zilizopitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa. Kisha akamfundisha kusoma namba za rekodi: inayoanza na EJ ni makala ya jarida, na mara nyingi hapo utaambulia ikisiri tu, inayoanza na ED ni ripoti na nyaraka za namna hiyo, na nyingi unazipakua nzima papo hapo.

"Wanafunzi wakiona ikisiri peke yake wanakata tamaa. Kwa nini? Angalia kama maktaba imelipia hilo jarida. Nenda AJOL, kule yapo majarida ya Afrika. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe, kwa adabu. Wengi wanatuma."

Ukipata moja nzuri, alisema, shuka kwenye marejeleo. Kitabu cha Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro cha mwaka 1997 kinakurudisha kwenye ripoti ya Criper na Dodd ya 1984, iliyoona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kusomea, na bado ikapendekeza Kiingereza kiendelee. Ukisonga mbele unakutana na LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini ulioanza 2002. Hiyo ndiyo mada iliyosemwa haina kitu.

Lakini si lawama zote ni za mtafutaji. Nyuma ya meza ya mama kuna rafu za tasnifu za zamani, nyingine zina nakala hiyo moja tu. ERIC haizijui. Walimu waliotembea shule kwa shule kukusanya takwimu zile, kazi yao itasomwa na nani? Na lini tutakuwa na kanzidata yetu, yenye Darasa la Saba na Kidato cha Pili kama lebo, ambamo mtu anatafuta kwa Kiswahili?

"Hilo usiniulize mimi," mama alijibu. "Waulize wenye fungu."

Nitawauliza. Kwa sasa, wewe unayeandika sura ya pili ya tasnifu, ile ya mapitio ya tafiti, usiiandike ile sentensi kabla hujaonana na mkutubi wako. Nenda na mada yako, pamoja na maneno matatu manne ya Kiingereza yanayoibeba. Nenda mapema, kabla msimamizi hajakurudishia kazi. Huduma hiyo hailipiwi.