Mbolea na Zinki ya Udongo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulibainisha kwamba zinki, ijapokuwa mmea huihitaji kwa kadiri ndogo mno, ni miongoni mwa madini ambayo nafaka haisitawi bila ya hayo. Leo tutatazama jinsi mbolea, ambayo mkulima huitia shambani kwa nia njema ya kuulisha mmea, iwezavyo kuufikishia zinki hiyo au kuuzuilia.

Mwaka 1966, huko Pantnagar katika Bara Hindi, chini ya milima ya Himalaya, mtaalamu Y. L. Nene alidhihirisha kwamba maradhi ya mpunga yaitwayo khaira, ambayo huyatia majani mabaka ya rangi ya kutu na kuidumaza miche wiki chache baada ya kupandikizwa, hayakuletwa na kijidudu chochote, bali na upungufu wa zinki. Dawa iliyoenea huko ni salfeti ya zinki kilo 5, pamoja na chokaa iliyozimwa kilo 2.5, katika maji lita 1,000, kuinyunyizia hekta moja.

Basi mbolea ya fosfeti, iupayo mmea fosforasi, inaingiaje katika habari hii? Mizizi ya mahindi na ya ngano hushirikiana na kuvu ambao nyuzi zao hupenya mahali mizizi isipofika, zikauletea mmea fosforasi na zinki, nao mmea huwalipa sukari. Lakini fosfeti ikizidi, mmea hupunguza malipo hayo, kuvu wakapungua, na zinki iliyokuwa ikija kwa njia yao ikakatika. Zaidi ya hayo, mmea ulioneemeka kwa fosfeti hukua upesi, na zinki ile ile chache ikatawanyika katika mwili mkubwa. Hata punje haisalimiki, maana fosforasi huhifadhiwa humo katika umbo la fitati, ambayo huishika zinki hata tumbo la mlaji lisiweze kuifyonza sawasawa.

Salfeti ya Amonia, kwa upande wake, huuongezea udongo uchachu, na uchachu huo huifungua zinki iliyoshikwa. Chokaa hufanya kinyume: kila kipimo cha pH kipandapo daraja moja, zinki iyeyukayo katika maji ya udongo hupungua takriban mara mia. Kwa hiyo mkulima wa mahindi wa magharibi ya Kenya, apandaye kwa mbolea ya DAP, yenye fosfeti, na kutibu uchachu wa shamba lake kwa chokaa, yampasa achungulie majani machanga: akiona michirizi mipana myeupe pande mbili za mshipa wa kati, kuanzia karibu na shina, ilhali mshipa wenyewe na kingo za jani zimebaki kijani, aghalabu hiyo ndiyo dalili ya njaa ya zinki.

Hatusemi asilani kwamba fosfeti iachwe, kwani shamba lisilo na fosforasi halina mavuno. Tunasema kwamba udongo upimwe kwanza, kila mbolea itiwe kwa kadiri yake, samadi isidharauliwe, na panapodhihirika upungufu, zinki iongezwe pamoja na fosfeti. Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutaeleza yaliyoipata ngano ya nyanda za Anatolia, nchini Uturuki.