Tabianchi Inabadilika kwa Nini? Sababu za Asili na Sababu za Binadamu

Ndugu mtumiaji, swali hili husikika mara nyingi: ikiwa tabianchi imekuwa ikibadilika tangu kale, kwa nini leo tuambiwe kuwa chanzo ni binadamu? Swali ni la haki, na jibu lake lagusa mfuko wako. Bidhaa nyingi sasa huuzwa kwa maelezo kwamba ni rafiki wa mazingira. Anayefahamu chanzo cha tatizo huweza kuyapima maelezo hayo. Asiyefahamu hulipia jina tu.

Hali ya hewa ni ya leo au ya juma hili. Tabianchi ni wastani wake kwa miaka 30 au zaidi. Kwa hiyo msimu mmoja wa mafuriko, kama ule wa El Niño ya 1997 na 1998, hautoshi peke yake kuthibitisha kuwa tabianchi imebadilika.

Sababu za asili

Ya kwanza ni njia ya dunia kulizunguka jua, pamoja na mwinamo wake. Hubadilika polepole, kwa makumi ya maelfu ya miaka, na ndiyo iliyoongoza kuja na kuondoka kwa enzi za barafu.

Ya pili ni nguvu ya jua, ambayo hupanda na kushuka katika vipindi vya takriban miaka 11. Vipimo vya setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 havioneshi ongezeko linaloweza kueleza joto la sasa.

Ya tatu ni volkano. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, chembechembe zake zilikinga mwanga wa jua, na dunia ikapoa kwa takriban nusu ya nyuzijoto kwa muda mfupi, kisha joto likarejea. Volkano hutoa pia hewa ya ukaa, lakini kiasi chake kwa mwaka ni kidogo mno kikilinganishwa na kile kinachotokana na shughuli za binadamu.

Sababu zitokanazo na binadamu

Gesijoto huruhusu mwanga wa jua kupenya, lakini huzuia sehemu ya joto la ardhi lisitoroke. Bila gesi hizo dunia ingeganda. Zikizidi, joto huzidi. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Katika miaka ya 2011 hadi 2020, wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzijoto 1.1 za Selisiasi.

Ongezeko hilo latokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, na kukata misitu. Mifugo, mashamba ya mpunga na majalala huongeza gesi ya metani. Upo pia ushahidi wa wazi: tabaka la chini la angahewa linapata joto huku tabaka la juu likipoa. Lau jua lingekuwa chanzo, yote mawili yangepata joto.

Mambo ya kuzingatia

Mchango wa kaya moja ya Kitanzania ni mdogo sana ukilinganishwa na wa nchi za viwanda, nasi hatumlaumu mtumiaji. Hata hivyo, uchaguzi wake una thamani kwa afya, kwa matumizi ya fedha na kwa misitu yetu.

1. *Nishati ya kupikia.* Sehemu kubwa ya nishati ya kuni hupotea katika tanuri la asili la mkaa. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Gesi ya mitungi nayo hutokana na mafuta na gesi ya ardhini, lakini huokoa miti na hupunguza moshi jikoni. Hakikisha lakiri ya mtungi haijafunguliwa, na uombe mtungi upimwe uzito mbele yako.

2. *Jokofu.* Soma kibandiko cha nyuma. Gesi ya R134a ikivuja huongeza joto zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. R600a ina athari ndogo mno. Lakini R600a hushika moto, hivyo mpe kazi fundi mwenye ujuzi nayo.

3. *Maelezo ya muuzaji.* Akisema bidhaa ni rafiki wa mazingira, muulize: inapunguza nini, kwa kiasi gani, na nani amethibitisha? Asipojibu, usilipe bei ya ziada kwa sababu ya neno hilo. Ukinunua, dai risiti na uihifadhi.

Mwendo wa dunia, jua na volkano haviko mikononi mwetu. Kinachochomwa, kinachokatwa na kinachonunuliwa kimo mikononi mwa wanadamu, na hapo ndipo maswali yako dukani yanapokuwa na nguvu.