Ukikaa Sana, Tumbo Nalo Linalala



Mzee mmoja wa darasa letu la kisomo aliniuliza: "Mwalimu, wakati wa kulima sina taabu ya tumbo. Nikishavuna, nikakaa chini ya mwembe kucheza bao, choo kinakuwa kigumu kama jiwe. Kwa nini?"

Kila kiangazi mzee huyu alinunua vidonge vya kulainisha choo. Wengi wetu tuna taabu hiyo, ila tunaona haya kuisema.

Chakula hupita njia ndefu. Utumbo mdogo wa mtu mzima una mita 6 hivi. Utumbo mpana una mita moja na nusu hivi. Misuli ya utumbo hujibana na kujiachia, na ndivyo inavyosukuma chakula mbele. Utumbo mpana hunyonya maji. Mabaki yakikaa humo siku nyingi, hukauka. Ukijikamua sana chooni, unaweza kupata bawasiri.

Ukitembea au ukilima, utumbo nao huamka. Mabaki husogea upesi, kabla hayajakauka.

Tena, ndani ya utumbo mpana vimo vijidudu vingi visivyo adui zetu. Vinakula mabaki ya mboga, maharage na dona, na kutoa vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitoa taarifa ya uchunguzi wao. Watu 32 wasiozoea mazoezi walifanya mazoezi wiki 6. Vitu hivyo viliongezeka, hasa kwa wale wasio wanene. Kisha wakakaa wiki 6 bila mazoezi. Faida ile karibu yote ikapotea.

Umeona, ndugu? Faida ya mazoezi haiwekwi ghalani kama mahindi.

Basi tufanye hivi:
1. Tutembee haraka haraka nusu saa, siku 5 kila wiki, hata baada ya mavuno.
2. Tunywe maji ya kutosha, tule mboga na matunda.
3. Tusijizuie choo kikitushika.

Lakini ukiona damu katika choo, ukikonda bila sababu, au tumbo likivimba na unatapika, usingoje. Nenda zahanati.

Mzee wetu sasa kila asubuhi anatembea mpaka kijiji cha pili kumwamkia dada yake. Vidonge ameacha kununua. Bao hajaacha, anacheza jioni.

Je, wewe kiangazi hiki utatembea kwenda wapi?