Babu Alikuwa Askari wa Kikosi Gani? Kufuata Nyayo za Wanubi wa Nakuru na Eldama Ravine

Miongoni mwa Waislamu wa Nakuru na Eldama Ravine wamo ndugu zetu Wanubi. Ukiwauliza asili yao, jibu la kwanza aghalabu huwa fupi: babu alikuwa askari. Swali la pili ndilo gumu. Alikuwa askari wa kikosi gani, alipigana wapi, na je, alipigana upande upi?

Swali hili linatuhusu na sisi wa pwani kuliko tunavyodhani, kwa kuwa katika vita vilivyoanzia Ravine mwaka 1897, babu zao na babu zetu walielekezeana bunduki.

Asili yao ni Sudani. Walikuwa askari wa jimbo la Ikweta chini ya Emin Pasha. Stanley alipomchukua Emin na kumfikisha Bagamoyo mwaka 1889, askari wengi walibaki nyuma pamoja na wake na watoto wao, chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua kuitumikia Kampuni ya Kiingereza huko Uganda. Selim Bey mwenyewe hakudumu. Mwaka 1893 alituhumiwa kuwapendelea Waislamu wa Buganda, akakamatwa na kupelekwa pwani, na mauti yakamkuta njiani, Naivasha.

Mwaka 1895 askari hao wakawa uti wa mgongo wa kikosi kipya cha Uganda Rifles. Miaka miwili baadaye kombania tatu ziliamriwa kukusanyika Eldama Ravine kwa safari nyingine ndefu chini ya Meja Macdonald. Malalamiko yao yalikuwa ya watu waliochoka. Walikuwa wametoka vitani punde, mshahara wao ulikuwa mdogo na hucheleweshwa, na sasa walitakiwa kutengana tena na familia zao. Mwishoni mwa Septemba 1897 waliondoka kambini bila ruhusa, wakavuka hadi Busoga na kuiteka ngome ya Luba, ukingoni mwa Ziwa Viktoria.

Macdonald aliwafuata. Jeshi lake lilikuwa na Masingasinga wachache na mamia ya Waswahili kutoka pwani. Tarehe 19 Oktoba pande mbili zilipambana, Mwislamu akimkabili Mwislamu kwa amri ya watu wengine. Wako Wasudani waliobaki upande wa serikali, na wako walioasi, na pengine ndugu wawili wa tumbo moja waligawanyika. Mwaka 1898 uasi ulizimwa. Wazee walioikalia kimya habari hii walikuwa na sababu yao, na mjukuu anayeanza kuitafuta na ajiandae kupokea lolote atakalolikuta.

Je, utafutaji uanzie wapi? Uanzie nyumbani, na hasa kwa akina bibi. Wanawake hawa hawakuachwa nyuma na historia. Waliandamana na misafara, wakajifungua kambini, wakazika njiani. Majina ya mama na nyanya, kambi alimozaliwa mtoto, jina la ukoo wa Kisudani, yote haya yamehifadhiwa zaidi katika vinywa vyao kuliko katika karatasi. Tuyaandike wangali hai.

Pili, tuyachunguze majina na vyeo. Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia, na jina la Farajallah laweza kuonekana kwa tahajia nne. Akitajwa ombasha, huyo ni koplo. Shaush ni sajini. Efendi alikuwa ofisa mwenyeji, na neno hilo ndilo lililotuachia “afande” tunalolisikia hadi leo katika kila kituo cha polisi.

Tatu, tufungue masanduku. Waliopigana upande wa serikali mwaka 1897 na 1898 walitunukiwa Medali ya Afrika Mashariki na Kati, na baadhi yake zina kipande chenye jina “Lubwa's”, yaani ngome ile ya Luba. Medali za zama hizo na za Vita Vikuu vya Kwanza aghalabu huchongwa ukingoni nambari, jina na kikosi cha askari. Za Vita vya Pili kwa kawaida hazina jina. Basi medali ya zamani isiuzwe kwa sonara kabla haijasomwa.

Nne, tujue mipaka ya zamani. Hadi mwaka 1902, Eldama Ravine, Nakuru na Naivasha zilikuwa sehemu ya Uganda, katika mkoa wake wa mashariki. Anayetafuta habari za kabla ya hapo katika majalada ya Kenya peke yake atarudi mikono mitupu, kwani barua za wakati huo ziko katika majalada ya Uganda na katika hifadhi ya Kew, London. Tarehe 1 Januari 1902 vikosi viliunganishwa kuwa King's African Rifles, ambacho wazee walikiita Keya. Kuanzia hapo tuulize batalioni: ya tatu ilikuwa ya upande wa Kenya, ya nne ya Uganda. Hifadhi ya Taifa iliyoko Nairobi ina majalada ya wilaya, na shajara za vita za batalioni ziko Kew.

Kwa waliofariki vitani, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina inayosomwa bure kwenye intaneti. Humo wamo hata walioondoka Kilindini katika meli ya Khedive Ismail, iliyozamishwa tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi, wakafa watu 1,297. Hata hivyo tume hiyo ilikiri mwaka 2021 kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakuandikwa majina popote. Kutoliona jina la babu katika orodha si dalili kwamba hakwenda.

Huenda mtu akauliza: ya kale yatusaidie nini? Kwa Wanubi, swali la babu limekuwa swali la haki. Vijana wao waliofikisha miaka 18 wameitwa mbele ya kamati za kuwahoji, wakatakiwa kuthibitisha asili yao kabla ya kupewa kitambulisho. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi katika haki ya uraia. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288 za Kibera, ilhali ardhi waliyotengewa wazee wao askari ilikuwa zaidi ya ekari 4,000.

Na kwetu sote kuna faida nyingine. Dini yetu imetuhimiza kuijua nasaba ili tuunge udugu. Mjukuu anayemjua babu yake kwa jina humwombea kwa jina, awe alibaki na bendera au aliondoka Ravine usiku ule. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, wa Sudani na wa pwani, waliozikwa njiani pasipo alama. Amin.