Shemasi Aimbe, Waamini Waone: Magombo ya Mbiu ya Pasaka



Kwaresima inapokaribia mwisho, shemasi aliyepangiwa kuimba Mbiu ya Pasaka huanza mazoezi. Sisi tunaomsikiliza humpima kwa jambo moja tu: sauti. Lakini zamani Mbiu hiyo haikuwa ya masikio peke yake.

Kusini mwa Italia, kati ya karne ya 10 na ya 13, katika sehemu kama Benevento, Bari na abasia ya Monte Cassino, Mbiu iliandikwa kwenye gombo refu la vipande vya ngozi vilivyoshonwa pamoja. Juu ya maneno ziliwekwa alama za muziki, na katikati ya maandishi zilichorwa picha: Kristo akishuka kuzimu, Waisraeli wakivuka Bahari ya Shamu, Mama Kanisa, hata nyuki, kwa kuwa Mbiu inataja kazi yao ya kutengeneza nta ya mshumaa.

Ajabu ni kwamba katika magombo mengi picha zimegeuzwa juu chini kuliko maandishi. Mchoraji hakukosea. Shemasi alisimama mimbarini, na kadiri alivyoimba, sehemu aliyokwisha kuimba iliteremka mbele ya mimbari kuelekea kwa watu. Hapo maneno yalikuwa kichwa chini, lakini picha zilikaa wima machoni pa waamini. Walioshindwa kufuata Kilatini walipata nafasi ya kuona kile kilichoimbwa. Wataalamu wengine wanauliza ni wangapi walioona vizuri, maana picha ni ndogo na usiku ni wa giza. Hata hivyo, nia inaonekana wazi: aliyeimba alizitazama picha kichwa chini ili wengine wazione sawasawa.

Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, sanaa katika liturujia ni utumishi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium (1963), uliweka sura ya muziki mtakatifu na sura ya sanaa takatifu zikifuatana, zote mbili kwa ajili ya kumtukuza Mungu na kuwajenga waamini. Pili, picha ilifuata mwendo wa wimbo. Siku hizi baadhi ya parokia hutumia projekta wakati wa Mkesha. Picha zikipita zenyewe kwa kasi yake, macho yote huenda ukutani, na shemasi anabaki akiimba kama redio iliyosahauliwa kona ya chumba.

Kabla ya kutafuta projekta, basi, tukumbuke kwamba picha kubwa ya usiku ule tunayo tayari: Mshumaa wa Pasaka, unaowaka karibu na shemasi. Uwekwe mahali pa kuonekana, taa zisiwashwe kabla ya wakati wake, na ndugu yetu shemasi aimbe taratibu, kila neno lisikike. Waamini watasikia, na wataona.